Chombo na Shehena: Kompyuta ya Nyumbani Inapokataa Kuwaka



Katika barua zilizotufikia majuma haya, iko moja ya dada yetu wa Mombasa, mama wa watoto wanne. Kompyuta yake ya mezani ilizima ghafla jioni moja, kijana wake akiwa katikati ya kazi ya shule. Tangu siku hiyo, kila ikiwashwa huonyesha nembo ya kiwanda, kioo hugeuka buluu na maneno meupe juu yake, kisha hujizima na kuanza upya, mzunguko usio na mwisho. Fundi aliyeitwa aliitazama dakika tano, akasema: “Mama, hii dawa yake ni kuifomati tu. Kesho asubuhi utaipata kama mpya.” Dada anauliza kama akubali. Ndani ya kompyuta hiyo, anasema, mna picha za harusi za binti zake wawili, hesabu za biashara yake ya kushona mabuibui, na sauti ya marehemu mama yake akiwasimulia wajukuu hadithi, saa nzima na zaidi, ambayo haiko mahali pengine popote.

Jibu letu ni kwamba asikubali, walau si sasa.

Kufomati ni kuifuta diski na kupanda upya programu za kuendeshea kompyuta. Fundi hakusema uongo: huenda kesho asubuhi mashine ikawaka na kwenda mbio kuliko mwaka jana. Lakini alijibu swali la chombo, na dada alikuwa akiuliza swali la shehena. Nahodha akizidiwa na mawimbi hutupa shehena baharini ili aokoe chombo na roho zilizomo. Kwa kompyuta mambo ni kinyume. Chombo hununuliwa dukani, kipya au kilichotumika, leo au mwakani. Sauti ya bibi haiuzwi popote. Basi kila hatua tutakayoitaja hapa ipimwe kwa swali hilo moja: je, yaweza kugusa shehena?

Tuanze na neno lenyewe. Watu husema “haiwaki” wakikusudia mambo matatu yasiyofanana. Iko iliyokufa kimya: wabonyeza, na hapana taa, hapana feni, hapana mlio. Iko inayowasha taa na kuzungusha feni, lakini kioo hubaki cheusi. Na iko, kama ya dada yetu, inayoanza safari kisha ikakwama njiani au ikarudi ilikotoka. Maradhi haya ni mbalimbali, na mwenye kuyachanganya hulipia dawa asiyoihitaji. Kabla ya kugusa chochote, chukua karatasi uandike: iliharibika siku gani, nini kilitangulia, je, umeme ulikatika, iliangushwa, ilimwagikiwa chai, kuna programu iliyoongezwa jana yake? Maneno yanayotokea kwenye kioo yapige picha kwa simu, hata kama hayasomeki kwako, kwani yana nambari ambayo fundi mzuri huijua. Karatasi hiyo itamfaa kuliko kuambiwa “imeharibika tu”.

Iliyokufa kimya ndiyo inayotisha zaidi, nayo aghalabu ndiyo yenye shehena salama. Ugonjwa wake mara nyingi uko katika njia ya umeme, na diski haikuguswa. Chomeka taa kwenye soketi ile ile uone kama yawaka. Iache ekstensheni, uchomeke moja kwa moja ukutani. Kompyuta nyingi za mezani zina swichi ndogo nyuma, karibu na pale waya unapoingilia. Tazama kama haikuguswa na ufagio. Kipakatalishi kichomolewe chaja, kitolewe betri ikiwa yatoka, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe na kushikiliwa nusu dakika. Hapo umeme uliosalia ndani huisha, na si mara moja wala mbili ambapo mashine iliyodhaniwa maiti imezinduka kwa hilo, ikirudishiwa chaja peke yake. Ukiazima chaja ya jirani, soma maandishi yake: volti ziwe zile zile, na ampea zisipungue.

Umeme wetu hapa Kenya ni wa volti 240, lakini kila mwenye jokofu ajua kwamba unapokatika na kurudi, haurudi kwa adabu. Umeme ukipotea, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika kadhaa utulie. Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kompyuta ya mezani, kile mafundi wanachokiita pawa saplai, ndicho hupokea pigo la kwanza, na kukibadilisha si kazi kubwa. Ila usikifungue chenyewe. Huhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa. Vivyo hivyo betri ya kipakatalishi iliyovimba, ikainua kibodi au kile kibao cha kusogezea mshale: usiichaji, usiitoboe, usiikandamize irudi mahali pake. Itolewe na mjuzi, na watoto wakae mbali.

Ikiwa taa zawaka na kioo ni cheusi, shuku kioo kwanza. Mulika tochi ya simu kwa upande juu ya skrini ya kipakatalishi. Ukiona picha hafifu kama kivuli, kompyuta yafanya kazi na taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI, na kila kitu kitaonekana sebuleni. Hapo unaweza kuhamisha mali yako yote kabla ya kuzungumza bei ya skrini.

Kama si kioo, wa pili kushukiwa ni vibao vya RAM, vile vyembamba vinavyoshika kazi ya muda huo huo. Hewa yetu ya mwambao ina unyevu na chumvi. Yale yanayofanya mabati yetu yakaota kutu hufanya kazi hiyo hiyo, polepole, kwenye meno ya vibao hivi. Kwa kompyuta ya mezani hii ni kazi ambayo binti wa kidato cha tatu aweza kuifanya juu ya meza ya kulia. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma cha kasha ili mwili wako usirushe cheche, kisha achia vibanio viwili vya pembeni na kibao chatoka. Sugua meno yake taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, pangusa vumbi la raba, kirudishe mpaka vibanio vilie. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Shehena haimo humo. RAM husahau kila kitu umeme unapozimwa, basi hakuna cha kupoteza.

Kuna na kibetri cha duara kama sarafu, cha volti 3, kinachotunza saa ya kompyuta. Kikiisha, mashine husahau tarehe na pengine hata mahali diski ilipo, ikakuambia haioni pa kuanzia. Dalili yake ni saa iliyorudi nyuma miaka mingi na tovuti zinazokataa kufunguka kwa kisingizio cha usalama. Chauzwa bei ya chini, na nambari yake, kwa kawaida CR2032, imechongwa juu yake.

Joto lataka maneno zaidi, kwa kuwa ndilo ugonjwa wetu wenyewe wa pwani, nalo huigiza magonjwa mengine yote. Ndani ya kila kompyuta mna prosesa, na juu yake bati la kufyonza joto na feni ya kulitoa nje. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za selsiasi, mashine hujizima yenyewe, bila onyo, ili zisiungue. Mwenye nyumba huona kompyuta “inakufa ghafla”, akadhani ni kirusi au ni jicho la watu. Tazama saa zake. Ikiwa asubuhi yafanya kazi vizuri na mchana wa kaskazi haifiki nusu saa. Ikiwa huvumilia kuandika barua lakini huzima watoto wakianza mchezo au filamu. Ikiwa ukiipumzisha huwaka tena kwa muda, basi mgonjwa wako ana homa, wala hakuna sababu ya kufuta chochote. Fungua kasha la kompyuta ya mezani utakuta blanketi la vumbi baina ya feni na bati, vumbi la mkeka, la nyuzi za nguo, na katika nyumba zenye cherehani kama ya dada yetu, la vitambaa. Lisafishe kwa brashi laini na pampu ya upepo, huku ukiizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Baina ya bati na prosesa hupakwa malhamu maalumu ya kupitisha joto, nayo hukauka baada ya miaka. Kuipaka upya ni kazi ya fundi ya muda mfupi. Na kipakatalishi kisiwekwe juu ya godoro wala mto. Matundu yake ya pumzi yako chini.

Sasa turudi kwa mashine inayoanza safari isifike, kwani hapa ndipo shehena ilipo hatarini, hata kama kwa macho kompyuta yaonekana kuwa na uhai zaidi kuliko ile iliyokufa kimya. Kioo cha buluu ni namna ya Windows ya kusema: nimekutana na jambo nisiloweza kuendelea nalo, nasimama nisije nikaharibu zaidi. Jambo lenyewe laweza kuwa programu tu. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, ziliingia katika mzunguko huo huo wa kuwaka na kuzima. Ndege zilisimama, hospitali na benki zikakwama. Hakuna kilichokuwa kimeungua. Lilikuwa faili moja lenye kasoro lililosambazwa na kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike, na mashine nyingi zilipona kwa faili hilo kuondolewa. Kioo cha buluu peke yake si sababu ya kufuta diski. Kumbuka hilo utakapoambiwa dawa ni moja tu.

Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, huleta zenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo, chini ya “Troubleshoot”, mna “Startup Repair”, ambayo hurekebisha njia ya kuwakia na haigusi picha zako. Mna pia nafasi ya kuondoa masasisho ya karibuni, na ya kuwasha katika “Safe Mode”, hali ambayo kompyuta huamka na vitu vya lazima tu, kama mgonjwa anayekunywa uji mwepesi. Ikiamka hivyo, usianze kutengeneza. Chomeka diski ya nje au flashi, uhamishe mali kwanza. Katika ukurasa huo huo utaona “Reset this PC”. Ina njia mbili: moja huahidi kubakisha mafaili yako na kuondoa programu, nyingine huondoa vyote. Zimewekwa jirani, na mkono wenye haraka hukosea. Kama shehena haijatolewa, usifike hapo kabisa.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, tega sikio. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa mwanya mwembamba mno kuliko unywele. Kichwa kikiugua, diski hulia: tik, tik, tik, kwa mpangilio, au hukwaruza. Ukisikia mlio huo, zima na usiwashe tena. Kila jaribio lingine ni kuukwangua ukuta wenye maandishi. Usikubali pia mtu aendeshe programu ya kukagua na kutengeneza diski, kwani kazi hiyo huisumbua diski dhaifu kwa saa nyingi na huandika juu yake. Diski ya namna hiyo ni ya wataalamu wa kuokoa data, nao ni ghali. Pima thamani ya kilichomo kabla ya kuamua. Zile mpya zisizo na sahani, SSD, hazilii. Hufa kimya, na zikifutwa, kurudisha kilichofutwa ni muhali mara nyingi kuliko kwa zile za sahani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Diski isiyolia, lakini iliyo ndani ya kompyuta isiyowaka, huokolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuichomoa na kuitia katika kasha dogo la USB, linalouzwa katika maduka ya kompyuta, kisha kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kama flashi kubwa. Ya pili haihitaji hata bisibisi. Kijana anayejua aweza kuandaa flashi ya GB 8 yenye Linux Mint, mfumo wa bure, kwa kutumia kompyuta nyingine, na mashine yako ikawaka kutoka kwenye flashi hiyo bila kuigusa Windows. Flashi hiyo itafutwa vyote vilivyomo, basi isiwe ile yenye mitihani ya madrasa. Na mfumo ukiwaka, achague kuujaribu, asiusakinishe, kwani kuusakinisha kwaweza kufuta diski ile ile mnayotaka kuiokoa.

Kuna kufuli moja ambalo wengi hawajui wanalo. Kompyuta nyingi mpya huifunga diski kwa siri, kwa jina la BitLocker au jina jingine la kazi hiyo hiyo, tangu siku ya kwanza ulipoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ni ulinzi mwema: mwizi akiichomoa diski haoni kitu. Lakini nawe ukiichomoa, utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao hata Microsoft hawawezi kukufungulia. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa ndani ya akaunti iliyotumika siku ile, nao huonekana hata kwa simu ukiingia humo. Shida ni kwamba akaunti aghalabu ilifunguliwa na muuzaji dukani, au na mpwa aliyekwenda zake Doha. Kama kompyuta yako leo ni nzima, tafuta ufunguo huo leo, uuandike kwenye daftari pamoja na hati za nyumba.

Limebaki suala la fundi, nalo kwa nyumba zetu lina uzito wa peke yake. Usiku wa kupamba, katika harusi zetu nyingi, simu huwekwa mlangoni na kamera huwa ya mwanamke mmoja aliyeaminiwa, ili mabibi wavue mabuibui wakiwa na amani. Kisha picha zile zile hutiwa ndani ya kompyuta ya nyumbani, na kompyuta ikiharibika hufungwa kwenye shuka ikapelekwa kwa kijana asiyejulikana, ikalala kwake siku tatu. Hatusemi mafundi ni wabaya. Wengi ni watoto wetu, waaminifu, na wanachoka kufungua mashine za watu wasiotaka kujua kilichomo. Lakini picha hizo si za mwenye kompyuta peke yake. Ni za bi harusi, mashoga zake, mama mkwe, na jirani aliyekuja na shela yake. Hao wote hawakutoa ruhusa. Sheria ziko: ile ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo malalamiko yake hupelekwa kwa Kamishna wa Data, na ile ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018, inayokataza kusambaza picha za faragha za mtu. Sheria humshika aliyesambaza. Haiwezi kuirudisha picha iliyokwisha kuruka kutoka simu hadi simu.

Kwa hiyo, pale inapowezekana, diski isiende na mashine. Kisanduku cha umeme, RAM, feni, kioo na ubao mkuu vyote hutengenezwa bila diski yako kuwamo, na fundi akihitaji kujaribu aweza kutumia diski yake. Mwambie tu kwa upole: “Mwanangu, nitengenezee iwake, diski ninayo nyumbani.” Asiyependa hilo hukuonyesha mapema kwamba utafute mwingine. Ikiwa diski ndiyo mgonjwa, au imeshikizwa ndani kama ilivyo katika vipakatalishi vyembamba, mwite fundi nyumbani, akae sebuleni na mmoja wenu kando yake, au nenda naye dukani usubiri. Siku hizi mabinti kadhaa wetu wamesoma kazi hii vyuoni. Ukimpata mmoja, mpe kazi na umlipe haki yake, usimwombe bure kwa kuwa ni mtoto wa shangazi.

Dada yetu wa Mombasa, basi, amwite fundi wake tena na ampe kazi ya kwanza kabla ya ile aliyoitaja: kutoa picha, hesabu na ile sauti, zote kwa nakala mbili, moja kwenye diski ya nje itakayokaa kwake na nyingine itakayokaa kwa binti yake mkubwa. Azifungue mwenyewe kwenye kompyuta nyingine, asikilize sauti ya mama yake mwanzo, kati na mwisho, kwani faili huweza kuonekana kwa jina na lisifunguke. Akishasikia, aruhusu kufomati kama bado yahitajika. Na ikiwa diski yalia, asiruhusu hata hilo: inunuliwe nyingine, na ile ya zamani itiwe katika bahasha kavu, iandikwe tarehe na kilichomo, iwekwe kabatini mbali na chumvi.